Simu Inayodai Kutoka Benki: Namna ya Kuitambua na Kuikata kwa Wakati

"Habari za mchana, mama. Ninakupigia kutoka kitengo cha usalama cha benki yako. Kuna mtu anajaribu kutoa fedha kwenye akaunti yako hivi sasa. Je, ni wewe?"

Kwa maneno machache kama hayo, watu wenye elimu, wenye busara na wenye uzoefu wa miaka mingi wa kutunza fedha zao wamejikuta wakimkabidhi mgeni kila walichokuwa nacho. Tapeli wa aina hii haji na hadithi ya shida wala ahadi ya utajiri, bali anakuja kama mlinzi. Anakutangazia kwamba wizi unatendeka, kisha anajitolea kuuzuia, na kila unachokifanya kwa kufuata maelekezo yake unakifanya ukiamini kwamba unaziokoa fedha zako. Ndiyo maana tahadhari ya kawaida haitoshi hapa: ile hofu ya kuibiwa ambayo siku nyingine hukulinda, siku hiyo ndiyo inayokusukuma mikononi mwa mwizi.

Mwongozo huu unasimama juu ya jambo moja ninaloliamini kwa dhati: usijaribu kumpima anayekupigia. Watu wengi huelekeza nguvu zao katika kusikiliza lafudhi, kutafuta makosa ya lugha, au kumuuliza mpigaji maswali ya mtego, lakini hata mtu makini kuliko wote atakosea siku aliyochoka, siku anayouguza, au siku simu inapoita akiwa katikati ya kazi nyingine. Kinachokulinda ni mazoea ya kuiacha njia aliyoichagua mpigaji na kuishika njia uliyoichagua mwenyewe. Dalili nitakazozieleza zina manufaa, ila kazi yake kubwa ni kukukumbusha kwamba wakati wa kukata simu umefika.

Hatua ya kwanza: Andaa njia yako kabla simu haijaita

Tafuta namba rasmi ya benki yako leo, ukiwa umetulia, na uihifadhi. Kwa kawaida huchapishwa nyuma ya kadi, huandikwa kwenye nyaraka za kufungulia akaunti, na hupatikana ndani ya programu ya benki uliyoipakua kutoka duka rasmi la programu la simu yako. Usisubiri kuitafuta kwenye intaneti wakati wa taharuki, kwa kuwa matapeli hulipia matangazo na kutengeneza kurasa zenye namba za uongo za huduma kwa wateja, na jibu la kwanza utakaloliona linaweza kuwa lao. Iandike pia kwenye karatasi, maana siku kadi itakapopotea au simu itakapozimika hutakuwa na pengine pa kuisoma. Nchini Uingereza jambo hili limerahisishwa tangu 2021: mteja wa benki nyingi anaweza kupiga namba fupi 159 na kuunganishwa na benki yake halisi. Panapokosekana huduma kama hiyo, karatasi yako ndiyo 159 yako.

Baada ya hapo, washa arifa za miamala ili kila fedha inayotoka ikufikie kama ujumbe papo hapo. Omba benki ishushe kikomo cha kiasi kinachoweza kuhamishwa kwa siku moja hadi kiwango unachokihitaji kweli. Ukiwa na malipo makubwa siku fulani, unaweza kukipandisha kwa siku hiyo tu. Ikiwezekana, weka akiba yako kubwa katika akaunti isiyofikiwa kwa kadi wala kwa simu. Barua pepe uliyoisajili benki iwe na nywila yake ya pekee, isiyotumika mahali pengine, kwa sababu anayeingia katika barua pepe yako anaweza kuomba nywila mpya za karibu kila huduma unayoitumia. Vilevile, uliza kampuni yako ya simu kama inaruhusu kuwekwa namba ya siri ya ziada inayotakiwa kabla ya laini yako kuhamishiwa kwenye kadi nyingine ya simu (SIM).

Hatua ya pili: Fahamu ni vitu gani vinaweza kughushiwa

Hapa ndipo watu wengi huangushwa, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Namba inayoonekana kwenye simu yako simu inapoita si ushahidi wa kitu chochote. Namba hiyo hutumwa na mtambo wa upande wa mpigaji, na mitandao ya simu ilijengwa katika zama ambazo kampuni chache zilizoaminiana ndizo zilizopitishiana simu, bila kuona haja ya kuhakiki kila namba. Siku hizi mtu anayepiga kupitia intaneti anaweza kuifanya simu yake ionekane inatoka namba yoyote aipendayo, ikiwemo ile ile iliyochapishwa nyuma ya kadi yako. Marekani ilizitaka kampuni kubwa za simu ziweke mfumo wa kuthibitisha chanzo cha simu kufikia tarehe 30 Juni 2021, lakini mfumo huo hufanya kazi kwenye mitandao iliyojengwa juu ya teknolojia ya intaneti, na simu iliyopita kwenye mitambo ya zamani hufika bila uthibitisho huo. Kwa hiyo mpigaji anaposema, "Geuza kadi yako, linganisha namba iliyo nyuma na hii inayoonekana kwenye simu yako," hajakuthibitishia chochote. Kwa kweli amekupa sababu ya kukata.

Ujumbe mfupi una udhaifu wa kushangaza zaidi. Badala ya namba, mtumaji anaweza kuweka jina lenye herufi zisizozidi 11, na katika nchi ambazo majina hayo hayasajiliwi hakuna anayehakiki kama aliyeweka jina la benki ni benki. Simu yako nayo huzipanga jumbe kwa kufuata jina la mtumaji, hivyo ujumbe wa tapeli hutua ndani ya mfululizo ule ule wenye jumbe halali za benki za miaka iliyopita. Mtu huuona, huona juu yake jumbe za kweli anazozikumbuka, na moyo wake hutulia. Ndivyo ilivyokuwa Singapore mwishoni mwa 2021, ambapo wateja wapatao 790 wa benki moja walipoteza takribani dola za Singapore milioni 13.7 baada ya kupokea jumbe za namna hiyo. Mapema 2022 benki za nchi hiyo zilitakiwa kuacha kabisa kuweka viungo vya kubofya katika jumbe na barua pepe zinazotumwa kwa wateja wa kawaida, na mwaka uliofuata usajili wa majina ya watumaji ukawa wa lazima. Marekani nako, kati ya utapeli wa ujumbe mfupi ulioripotiwa 2022, ule wa kujifanya benki ndio uliotajwa mara nyingi kuliko mwingine wowote.

Taarifa zako binafsi pia si ushahidi. Jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, anwani na jina la benki yako vinaweza kuwa vimevuja kutoka kampuni yoyote uliyowahi kujisajili kwayo, na taarifa zilizovuja huuzwa na kununuliwa. Ipo mbinu moja ndogo ambayo ningependa kila mwenye kadi aijue: mpigaji anakusomea tarakimu za mwanzo za kadi yako na kukuomba "umalizie zilizobaki ili tuhakikishe ni wewe." Tarakimu 6 hadi 8 za mwanzo hutambulisha benki iliyotoa kadi, si mwenye kadi, maelfu ya wateja wenye kadi ya aina moja na yako wanazo zile zile, na orodha zake zinapatikana bila shida. Nazo tarakimu 4 za mwisho huchapishwa kwenye risiti nyingi za malipo. Anayekutajia tarakimu hizo hajaonyesha kwamba anakujua.

Kuhusu sauti, wapo matapeli wanaopiga wakiwa na mlio wa kituo cha simu nyuma yao, muziki wa kusubirisha mteja, na "msimamizi" anayepokezwa simu baada ya dakika chache. Kwa programu za akili bandia inawezekana sasa kuiga hata sauti ya mtu unayemfahamu kutokana na rekodi fupi. Upole wa mpigaji, ufasaha wake na subira yake visikutulize.

Na hatimaye, ujumbe halisi kutoka benki yenyewe unaweza kutumiwa kukudanganya. Mpigaji anasema, "Ili uamini, sasa hivi nitakutumia ujumbe kutoka mfumo wetu." Sekunde chache baadaye ujumbe unaingia, nao ni wa benki kweli, kwa sababu katika sekunde hizo tapeli amejaribu kuingia kwenye akaunti yako na benki imekutumia wewe namba ya uthibitisho. Anachokiita kitambulisho chake ni ufunguo wako anaouhitaji.

Hatua ya tatu: Sikiliza anachokuomba, si anachokueleza

Hadithi hubadilika kila msimu. Leo ni malipo usiyoyatambua, kesho ni kadi iliyokwisha muda, keshokutwa ni uhakiki wa taarifa za wateja. Maombi, kinyume chake, ni machache na hayabadiliki sana. Ukiyafahamu hayo, hutababaishwa na hadithi mpya.

Ombi la kwanza ni namba ya uthibitisho ya matumizi ya mara moja, ile ambayo wengi huiita OTP. Tapeli atakuambia kwamba namba hiyo ni ya kufuta muamala, kurudisha fedha au kusitisha kadi. Ukweli ni kwamba namba hiyo ni saini yako. Ukimsomea mtu, umemtilia saini karatasi ambayo hujaiona. Soma ujumbe wote ulioileta, si tarakimu peke yake, kwa kuwa mara nyingi umeandikwa namba hiyo ni ya nini, kiasi gani kinalipwa na kinakwenda kwa nani. Katika nchi za Umoja wa Ulaya sheria inataka namba ya kuidhinisha malipo ya mtandaoni ifungamane na kiasi na mpokeaji mahususi. Ikiwa mpigaji anasema "kufuta" na ujumbe unasema "kuidhinisha," amini ujumbe. Hali kadhalika kwa arifa ya programu inayokuomba ubonyeze "Kubali": usikubali muamala ambao hukuuanzisha wewe, hata kama mtu kwenye simu anasema ndivyo unavyokataliwa.

Namba ya siri ya kadi, nywila ya huduma ya benki kwa mtandao na zile tarakimu 3 za nyuma ya kadi ziko katika kundi hili hili. Mtumishi wa benki hana haja ya namba yako ya siri. Ameajiriwa na mfumo ambao umejengwa ili hata yeye asiijue.

Ombi la pili ni kuhamisha fedha wewe mwenyewe kwenda kwenye "akaunti salama." Mpigaji anadai kwamba akaunti yako imeingiliwa na kwamba benki imekufungulia nyingine ya muda, yenye jina lako au la "afisa" fulani. Hakuna benki inayolinda fedha za mteja kwa kumtaka azihamishe. Benki ikiona hatari, inaizuia akaunti ikiwa hapo hapo ilipo, kwa kitendo kimoja cha mfanyakazi wake. Mtu anayekutaka ubebe fedha zako kutoka mahali zilipo, iwe kwa uhamisho wa benki, kwa sarafu za kidijitali, kwa kadi za zawadi au kwa fedha taslimu, anaziiba.

Ndani ya ombi hili kuna tawi lenye ukatili wa pekee. Tapeli anadai kwamba mwizi ni mfanyakazi wa tawi lako, kwamba uchunguzi wa siri unaendelea, na kwamba wewe umechaguliwa kusaidia. Anakuagiza uende kutoa fedha na, ukiulizwa, useme ni za ujenzi au za kumsaidia ndugu. Lengo la hadithi hiyo ni kukutenga na mtu pekee anayeweza kukuokoa, yaani karani aliye mbele yako. Mara unapoagizwa kuidanganya benki yako, au kumficha mwenzi wako au mwanao, jua kwamba umekwisha kutengwa.

Ombi la tatu ni kuweka programu kwenye simu au kompyuta, au kuonyesha skrini yako. Zipo programu halali za kusaidiana kwa mbali, kama AnyDesk na TeamViewer, ambazo mafundi wa kompyuta huzitumia kila siku. Mikononi mwa tapeli humwezesha kuona na hata kubonyeza kila kitu kilicho mbele yako. Kuonyesha skrini kupitia WhatsApp, huduma iliyoanza 2023, hutosha pia, kwani namba ya uthibitisho ikiingia ataisoma pamoja nawe bila hata kukuomba. Hatari zaidi ni faili la programu linalotumwa kwa ujumbe ili ulipakue nje ya duka rasmi, kisha linaomba ruhusa ya kusoma jumbe zako au ruhusa ya huduma za ufikivu, ambazo ziliundwa kuwasaidia watu wenye ulemavu na ambazo humpa mwenye programu uwezo wa kusoma skrini na kubonyeza kwa niaba yako.

Ombi la nne halifanani na la kibenki, na kwa sababu hiyo hupita bila kushtukiwa: unaombwa upige alama fulani kwenye simu, mathalani nyota mbili, 21, nyota, namba ya simu, kisha alama ya reli. Katika mitandao mingi hiyo ni amri ya kuelekeza simu zako zote kwenye namba hiyo. Kuanzia hapo benki ikipiga kukuuliza kama muamala ni wako, anayejibu ni tapeli. Ukishuku kwamba umefanya hivyo, kupiga ##002# hufuta maelekezo yote ya kuhamisha simu katika mitandao ya simu za mkononi inayofuata mfumo wa GSM.

La mwisho ni kuja kuchukua kadi yako. Unaambiwa kwamba kadi imeharibika kiusalama, uikate vipande viwili na umpe mjumbe atakayefika mlangoni, pamoja na namba ya siri kwenye bahasha. Mkasi unaofuata maelekezo yao hauigusi ile chipu ndogo ya dhahabu, na kadi iliyokatwa huku chipu ikiwa nzima inaweza kuendelea kutumika. Kadi mbovu huharibiwa na mwenyewe, chipu ikiwa ya kwanza, na haikabidhiwi mjumbe.

Hatua ya nne: Kata, pumua, piga mwenyewe

Huhitaji ushahidi ili kukata simu, wala huhitaji kuwa na hakika kwamba ni tapeli. Sema, "Asante, nitaipigia benki mwenyewe," kisha ukate. Wengi wetu tumelelewa kuona kumkatia mtu simu ni utovu wa adabu, na matapeli wanalijua hilo. Hivyo liandae neno lako mapema ili ulitamke bila kujitetea. Mfanyakazi halisi wa benki hatakasirika. Tapeli ndiye atakayekuambia kwamba ukikata fedha zitaondoka, kwamba utabeba lawama, kwamba namba hiyo sasa hivi haipatikani, au kwamba atakuunganisha yeye na benki ili kukuondolea usumbufu. Usikubali kuunganishwa naye, na usiitumie namba atakayokutajia.

Baada ya kukata, subiri dakika chache. Chukua namba uliyoihifadhi katika hatua ya kwanza, uipige tarakimu kwa tarakimu badala ya kubonyeza jina lililo kwenye orodha ya simu zilizoingia. Kama ulipigiwa kwa simu ya mezani, tumia simu nyingine, kwa kuwa katika mitandao mingine laini hubaki wazi kwa muda mpaka aliyepiga akate. Unaweza kudhani umepiga benki, ukasikia hata mlio, kumbe yule yule bado yuko upande wa pili. Ukikosa simu nyingine, mpigie kwanza ndugu ambaye sauti yake unaijua. Baadhi ya benki zimeweka ndani ya programu zao ukurasa unaoonyesha kama mtumishi wao anazungumza nawe wakati huo, na huo ni uthibitisho mzuri, mradi uifungue programu mwenyewe. Mwenye tawi karibu na aende.

Benki ikikuambia kwamba kweli walikupigia, hujapoteza chochote isipokuwa dakika kumi.

Hatua ya tano: Kwa ujumbe na barua pepe, usipitie kiungo

Kanuni ni ile ile: fungua programu ya benki au andika anwani yake mwenyewe. Ikiwa kuna jambo la kweli, utalikuta humo.

Kwa atakayetaka kusoma anwani kabla ya kuamua, asome sehemu iliyo kabla ya mkwaju (/) wa kwanza unaosimama peke yake, akianzia kulia kwenda kushoto. Katika anwani kama benkiyako.com.uhakiki.example/ingia, mwenye tovuti ni uhakiki.example, na maneno benkiyako.com yaliyotangulia ni pambo ambalo mtu yeyote anaweza kujiwekea. Jihadhari na herufi zinazofanana: r na n zikishikana huonekana kama m, tarakimu 1 hufanana na herufi l, na zipo herufi za alfabeti nyingine ambazo jicho haliwezi kuzitenganisha na zetu. Alama ya kufuli haisaidii hapa. Inaeleza kwamba mawasiliano kati yako na tovuti yamefichwa yasisomwe njiani, haielezi kama mwenye tovuti ni mwaminifu, na vyeti vinavyoleta kufuli hilo hutolewa bure. Kivinjari cha Chrome kiliiondoa alama hiyo 2023, sababu mojawapo ikiwa kwamba watu wengi waliielewa vibaya.

Kuna msaidizi mmoja ambaye hachoki macho: programu ya kutunza nywila. Huitambua anwani halisi uliyoihifadhi na hujaza nywila hapo tu. Ukiona imekataa kujaza kwenye ukurasa unaofanana kabisa na wa benki yako, usiinakili nywila kwa mkono. Funga ukurasa.

Hatua ya sita: Ikiwa umekwisha kutoa taarifa au fedha

Piga benki sasa, kabla ya kumpigia mtu mwingine yeyote na kabla ya kujilaumu. Fedha zilizoibwa huwa hazikai katika akaunti ya kwanza. Hugawanywa na kupelekwa kwingine haraka, wakati mwingine ndani ya dakika chache, na benki inaweza kuomba zizuiwe tu ikiwa bado hazijaondoka. Waambie kwa ufupi: "Nimetapeliwa na mtu aliyejifanya benki. Zuieni akaunti na kadi, na ombeni fedha zishikiliwe kwenye benki ya mpokeaji." Taja saa, kiasi na namba ya muamala, kisha uombe namba ya kumbukumbu ya taarifa yako na uiandike.

Kama uliweka programu waliyokuagiza, zima intaneti ya kifaa hicho, tumia kifaa kingine kubadilisha nywila za benki na barua pepe, na usikirudishe kwenye shughuli za fedha mpaka kisafishwe au kirejeshwe katika hali ya kiwandani. Ikiwa simu yako imepoteza mtandao ghafla huku za wenzako zikifanya kazi, inawezekana laini yako imehamishiwa kwenye kadi nyingine. Azima simu, wapigie kampuni ya simu na benki kwa mfululizo, bila kungoja kesho. Usifute chochote. Jumbe, orodha ya simu, picha za skrini na majina ya akaunti zilizopokea fedha vitahitajika na benki na polisi, na taarifa ya polisi hutakiwa mara nyingi kabla madai yako hayajashughulikiwa.

Uliza juu ya haki yako ya kurudishiwa fedha, na uulize kwa maandishi. Sheria hutofautiana kati ya nchi na nchi, na katika nchi nyingi kuna tofauti kubwa kati ya muamala ambao hukuuidhinisha na ule uliouidhinisha kwa kudanganywa. Uingereza, kuanzia tarehe 7 Oktoba 2024, hulazimisha benki kuwarudishia waliodanganywa wakahamisha fedha wenyewe ndani ya nchi, hadi pauni 85,000, isipokuwa katika hali chache. Kwingineko benki inaweza kukataa mara ya kwanza, na mteja akakata rufaa kwa mamlaka inayosimamia mabenki akasikilizwa. Jibu la kwanza lisikufanye uache.

Ninawasihi wanaotapeliwa wasinyamaze kwa aibu, kwa sababu aibu huwanyima saa zile chache ambazo fedha zingeweza kushikiliwa. Nawe ukisikia kwamba mzazi, jirani au mfanyakazi mwenzako ametapeliwa, swali la kwanza lisiwe "Ulikuwaje ukakubali?" bali "Umeshaipigia benki?" Kaa naye akipiga.

Wiki au miezi baadaye, simu nyingine inaweza kuja. Atakuwa "wakili," "mpelelezi" au "afisa wa kurejesha fedha," atakijua kiasi ulichopoteza na tarehe uliyokipoteza, na atasema kwamba fedha zimepatikana ila kuna ada ndogo ya kulipa kwanza. Anazijua habari hizo kwa sababu orodha za waliokwisha kutapeliwa huuzwa kati ya matapeli, au kwa sababu ni yeye yule wa mara ya kwanza. Mkatie, kisha uipigie benki kwa ile namba iliyo kwenye karatasi yako, uwape namba yako ya kumbukumbu, na uwaeleze kwamba umepigiwa tena.